Roger Tsien alifanya nini hasa hadi akapata Nobel ya Kemia 2008?

ChembeHai aliuliza:
Habari zenu wakuu. Naomba mwenye ufahamu anisaidie. Tumepewa kazi ya kuandika kuhusu mwanakemia mwenye asili ya China aliyetunukiwa tuzo kubwa, nami nimemchagua Roger Tsien. Sasa kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa. Protini ya kijani ya yavuyavu iligunduliwa na Mjapani, Osamu Shimomura, mwaka 1962. Jeni yake ilinakiliwa na Douglas Prasher, 1992. Aliyeifanya ing'ae ndani ya viumbe wengine ni Martin Chalfie, 1994. Tsien alibakiwa na nini? Na je, tumwite Mchina au Mmarekani?

FundiHadubini:
Karibu ChembeHai. Nimekaa kwenye hadubini miaka kumi na moja sasa, na ni siku chache sana ambazo sikugusa kitu kilichotoka mikononi mwa huyu mtu. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

La uraia ni fupi. Alizaliwa New York mwaka 1952, wazazi wake wametoka China, akakulia Livingston, New Jersey. Ni Mmarekani mwenye asili ya China. Jina lake la Kichina ni Qian Yongjian, na hilo Yongjian lina maana ya afya ya kudumu, ingawa utotoni pumu ilimsumbua mno, akawa anashinda ndani akifanya majaribio ya kemia kwenye chumba cha chini ya nyumba yao. Akiwa na miaka 16 akashika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Westinghouse ya vijana wanasayansi wa Marekani, kwa kazi ya jinsi metali zinavyoshikana na thiosayaneti. Halafu Harvard, halafu Cambridge kule Uingereza, halafu Berkeley, na kuanzia 1989 San Diego.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Ukianza na protini ya kijani hutamwelewa Tsien. Anza na kalsiamu.

Neva inapopeleka ujumbe au msuli unapokaza, kalsiamu hupanda ghafla ndani ya seli. Ulikuwa ukitaka kuipima, mara nyingi unachoma seli moja moja kwa sindano nyembamba kuliko unywele, na seli nyingi ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Tsien akiwa Cambridge alitengeneza molekuli inayoikamata kalsiamu na kubadilisha mng'ao wake inapoikamata. Kikwazo kikawa kimoja: molekuli ile imejaa chaji hasi, na utando wa seli, ambao ni wa mafuta, hauipitishi. Mwaka 1981 akatoa jibu ambalo mpaka leo nikilifikiria nalistaajabia. Alizifunika zile chaji kwa vipande vya kemikali viitwavyo esta, molekuli ikawa inapenda mafuta, ikapenya utando yenyewe bila sindano. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli vinakata vile vifuniko, chaji zinarudi, na molekuli haina pa kutokea. Seli yenyewe ndiyo inayoufunga mlango!

Mwaka 1985 ikatoka fura-2, rangi yake nyingine ya kupimia kalsiamu, na hii ndiyo niliyoishi nayo. Unaiacha kwenye seli kama nusu saa, unaosha, unazima taa za chumba. Mashine inamulika kwa mwanga wa nanomita 340, kisha 380, kisha 340 tena, unasikia kichujio kikigonga kila kinapobadilika. Unagawanya mng'ao wa mwanga wa kwanza kwa ule wa pili, ndipo unajua kalsiamu imepanda kiasi gani, hata kama seli hii imenywa rangi nyingi kuliko jirani yake. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuziacha seli kwenye rangi saa mbili nzima. Rangi ikajikusanya kwenye vifuko vya ndani ya seli, nikapima upuuzi mtupu kutwa nzima.

Kwa hiyo Tsien alipoipata jeni ya protini ya kijani kutoka kwa Prasher, alikuwa tayari mtu anayeuliza "hii naweza kuirekebisha vipi?" Protini ya asili ilikuwa na matatizo: mng'ao hafifu, na vilele viwili vya mwanga inaoupokea. Ina asidi amino 238. Akabadilisha moja tu, ya 65, serini ikawa threonini. Mng'ao ukaongezeka sana, kilele kikabaki kimoja, na protini ikawahi kukomaa. Hiyo ilikuwa 1995. Akabadilisha nyingine, zikaja bluu, samawati na njano. Kutoka kwenye protini nyekundu ya jamii ya matumbawe, ambayo Warusi waliichapisha 1999, maabara yake ikapata rangi zenye majina ya matunda, mCherry ikiwemo.

Na kumbuka kalsiamu haikumtoka moyoni. Mwaka 1997 yeye na Atsushi Miyawaki waliunganisha protini mbili za rangi tofauti, katikati wakaweka kipande kinachojikunja kikikutana na kalsiamu. Rangi inageuka. Wakaiita cameleon, yaani kinyonga. Safari hii hakuna cha kupenyeza, seli inajitengenezea kipimo chake yenyewe.

ChembeHai:
Ahsante sana mkuu, sasa nimeona uzi unaounganisha mambo. Ila Prasher ananiuma. Yeye hakupata kitu?

Mwinyi_S:
Tuzo hiyo haigawiwi watu zaidi ya watatu, na ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Prasher fedha za utafiti zilimwishia, na tuzo ilipotangazwa alikuwa dereva wa gari la wateja kwa muuza magari kule Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimlipia yeye na mkewe safari ya Stockholm. Baadaye Tsien alimwajiri kwenye maabara yake San Diego.

FundiHadubini:
Sahihi kabisa ndugu Mwinyi. ChembeHai, hilo liandike, usiliruke.

Tsien alifariki tarehe 24 Agosti 2016 akiwa kwenye njia ya baiskeli huko Eugene, Oregon, akiwa na miaka 64. Habari ilinikuta seli zangu ziko kwenye fura-2, zimebakiza dakika kumi. Nikasubiri zitimie, nikaosha, nikazima taa.