Madalali wa nyumba, hizi picha zenu za lenzi pana ya 0.5 zimenimalizia nauli

Wakuu salaam. Naandika nikiwa gesti Ubungo, treni yangu ya kurudi Dodoma ni kesho asubuhi na hasira bado zimenikaba kooni, kwa hiyo mnivumilie.

Wiki tatu nimekaa na picha 11 za nyumba ya Goba kwenye simu. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule unaweza kufungishia ndoa humo ndani, kochi la kona la kijivu, mwanga wa dirishani umemwagika mpaka mlangoni. Milioni 85, maongezi yapo. Mama watoto alishaenda kuulizia bei kwa fundi mapazia. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda SGR, nikashuka Dar, nikaunga daladala na boda mpaka getini. Geti halijafunguliwa, dalali ananyoosha mkono: "Bosi, ya kuonyeshwa kwanza, elfu ishirini." Nikatoa.

Sebule ile! Nilivyoingia nikadhani bado niko koridoni. Kochi hakuna. Halijawahi kuwepo. Nyumba tupu, kochi limebandikwa na programu ya simu. Nikasogea pale lilipokuwa "limekaa" kwenye picha, nikainama. Rangi imevimba na kubanduka kuanzia chini mpaka usawa wa goti, ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe wa chumvi. Unyevu wa ardhini huo unapanda ukutani, wenye nyumba Dar mnaujua vizuri. Kumbe kochi halikuwa pambo, lilikuwa bandeji.

Masta nako vituko. Tangazo linasema mita nne kwa nne. Marumaru ni za sentimita 60, nikazihesabu: tano huku, tano kule. Mita tatu hizo! Kitanda cha sita kwa sita kinakula mita 1.83, kabati sentimita 60, inabaki njia ya kupita ubavu kama kaa.

Nilipomuuliza dalali, hakutetereka hata kidogo. "Bosi wangu, picha siyo ya kupimia nyumba. Picha ni ya kukuita uje."

Nimefika gesti nimezifungua tena zile picha. Ushahidi wote ulikuwemo, ni mimi tu macho yalikuwa kwenye kochi. Marumaru za katikati zina mraba wake, za pembeni zimevutika utadhani ubao wa kukatia nyama. Fremu ya dirisha imelala. Hiyo ni lenzi ya 0.5, simu imebanwa kwenye kona karibu na dari ili chumba kionekane kinakimbilia mbali. Na kochi halina kivuli, linaelea.

Kabla hamjaniuliza kwa nini sikuomba video: niliomba. Ikaja ya sekunde 14, mpigaji anapita vyumbani kama kafukuzwa na mbwa.

Sikatai nyumba kupigwa picha ikapendeza. Fagia, toa kandambili mlangoni, funika choo, fungua mapazia, piga saa nne asubuhi mwanga ukiwa umeingia vizuri. Nikiuza yangu nitafanya hayo hayo. Hata lenzi pana ina kazi yake, choo cha mita moja na nusu huwezi kukipata chote na lenzi ya kawaida. Lakini shusha simu usawa wa kifua, andika vipimo vya kweli chini ya picha, na ukuta mgonjwa usiuvalishe kochi.

Nimejiuliza njia nzima, huyu mtu anapata faida gani kumleta mteja ambaye akiingia tu anageuza? Jibu nimelipata nikiwa juu ya boda. Faida yake ni ile elfu ishirini. Akileta watu watano kwa siku, laki hiyo. Nyumba ikikaa mwaka mzima bila kuuzwa, yeye anakula tu. Ndiyo maana hela yangu amegoma kurudisha, anasema "si umeona nyumba?"

Sasa hivi nikiwa katikati ya kuandika huu uzi kanitumia ujumbe. "Bosi nimekupatia nyingine Madale, hii hutoikataa." Picha tisa.

Kochi ni lile lile la kijivu, na mito yake miwili ya rangi ya chungwa.