Binti yetu amechaguliwa kwa uhakiki wa FAFSA: tuanzie wapi?

Kutoka: mama wa mwanafunzi, Dayton

Ndugu zangu wapendwa,

Nawasalimu kutoka Ohio. Binti yetu mkubwa amepata chuo na anatakiwa kuanza mwezi wa Agosti. Juzi alinionyesha ujumbe usemao kwamba fomu yake ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa fedha za masomo wa serikali kuu, ya mwaka wa masomo 2026–27 imechaguliwa kwa uhakiki, na kwamba hatapewa fedha mpaka tuwasilishe nyaraka. Kwenye muhtasari wa fomu, pembeni ya ile namba inayopima uwezo wa familia, kuna kinyota kidogo ambacho sikukiona hapo mwanzo. Baba yake anasema tumeshukiwa udanganyifu, heri tuache.

Mimi sitaki kuacha, ila nina hofu mbili. Ya kwanza ni ritani zetu za kodi za mwaka 2024, ambazo tulijaziwa kwa malipo na mtu anayewajazia wengi hapa kwetu. Jana usiku nilizitoa kwenye bahasha nikazilaza mezani sambamba, nikaona kwamba mimi nimeandikwa mkuu wa kaya na mume wangu naye ameandikwa mkuu wa kaya, watoto watatu kwangu na wawili kwake, ilhali tunaishi nyumba moja miaka yote. Ya pili ni idadi ya wanafamilia: tuliandika 8, kwa kuwa tulimhesabu na mama mkwe wangu aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambaye tunamtumia fedha kila mwezi. Tafadhali nishaurini.

Kutoka: baba wa watoto watatu, Columbus

Dada yangu,

Pole kwa usiku huo. Nimepitia uhakiki mara tatu, mara moja kwa kila mtoto, na mara ya kwanza nilikaa kimya wiki sita kwa hofu ileile aliyo nayo shemeji. Kijana wangu alimaliza muhula wa kwanza bila ruzuku, deni likabaki kwenye akaunti yake, na chuo kikamzuia kujiandikisha kwa muhula uliofuata. Kwa sababu hiyo nitakuandikia kwa urefu, na nakuomba umsomee shemeji barua hii yote.

Kuchaguliwa si kushukiwa. Kila mwaka Wizara ya Elimu ya Marekani huchagua sehemu ya fomu ili vyuo vizilinganishe na nyaraka, na chuo chenyewe kina ruhusa ya kuongeza wengine. Anayekataa kujibu hapewi adhabu yoyote, ila hukosa fedha za serikali kuu, ikiwemo ruzuku ya Pell, ambayo mwaka wa 2025–26 ilifika hadi dola 7,395 na ambayo kwa kawaida mwanafunzi hairudishi. Fedha za namna hiyo hazistahili kuachwa kwa sababu ya kinyota.

Sasa nije kwenye ritani, kwa maana hapo ndipo penye uzito. Kwa sheria ya kodi, mtu mwenye ndoa anaweza kuandikwa mkuu wa kaya pale tu ambapo, pamoja na masharti mengine, mwenzi wake hakuishi katika nyumba hiyo kwa miezi 6 ya mwisho ya mwaka. Ingekuwa mume wako alikuwa bado Kigoma mwaka 2024 na amekufuata baadaye, hapo pangekuwa na maelezo, kwa sababu FAFSA huuliza hali ya ndoa ya siku mnapojaza fomu, wakati kodi inayotumika ni ya miaka miwili nyuma, na tofauti ya namna hiyo hueleweka. Ninyi mliishi pamoja. Afisa wa msaada wa fedha akiziona ritani mbili za mume na mke wa nyumba moja, kila mmoja mkuu wa kaya, haruhusiwi kufumba macho. Ni wajibu wake kusimamisha fedha mpaka mgongano huo utatuliwe.

Dawa yake ni kurekebisha ritani kwa fomu ya 1040-X, ambayo ni ya kusahihisha ritani iliyokwisha kutumwa, aidha mkajaza pamoja kama mume na mke, au kila mmoja kivyake kama mtu mwenye ndoa. Sitakuficha kwamba huenda mkatakiwa kurudisha sehemu ya fedha mlizolipwa na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, mwaka ule, na jambo hilo linauma hasa kwa sababu kosa lilifanywa na mtu mliyemlipa. Hata hivyo IRS hukubali kulipwa kidogo kidogo kwa makubaliano, na deni linalojulikana ni jepesi kuliko kosa ambalo litamkuta mtoto wa pili na wa tatu watakapoomba. Marekebisho huchukua miezi kushughulikiwa, lakini hamna haja ya kungoja mpaka mwisho: pelekeni chuoni nakala ya 1040-X mliyoituma, yenye sahihi, pamoja na ritani ya awali, kisha muulizeni afisa kama anahitaji kingine.

Nakuomba pia utazame chini kabisa ya ukurasa wa pili wa ritani yenyewe, fomu ya 1040. Kila anayejaza kodi ya mtu kwa malipo anatakiwa kuweka sahihi yake hapo na namba yake ya utambulisho aliyopewa na IRS. Kama nafasi hiyo ni tupu, mtu huyo alichukua fedha zenu kisha akajiondoa kwenye karatasi, na kwa macho ya serikali ninyi ndio mliojaza. Msirudi kwake. Tafuteni kituo cha VITA (ni jina la mpango wa IRS), ambapo watu wa kujitolea waliopimwa na IRS huwajazia kodi bure wenye kipato cha kawaida. Vingi huwa kwenye maktaba na vituo vya jamii, ila ulizeni kwanza kama hapo hurekebisha ritani za miaka ya nyuma.

Kuhusu mama mkwe, najua jibu hili litakuwa gumu nyumbani. Jamaa mwingine asiye mtoto wenu huhesabiwa kama anaishi nanyi na ninyi ndio mnaobeba zaidi ya nusu ya matunzo yake. Aliye kambini hakai nanyi, kwa hiyo haingii, hata kama bila ninyi asingekula. Andikeni 7: ninyi wawili na watoto watano. Mzigo wa kumtunza mnaweza kuueleza mahali pengine, kwa sababu ofisi ya chuo ina mamlaka ya kupitia hali maalumu ya familia moja moja, mathalani mzazi aliyepoteza kazi tangu mwaka 2024. Hawalazimiki kukubali, na maombi hayo hufanyiwa kazi baada ya uhakiki kukamilika, lakini barua fupi yenye stakabadhi za fedha mnazotuma haina hasara.

Kwa upande wa kipato, kama wewe na mume wako mlitoa idhini ndani ya fomu, takwimu zenu zilitoka IRS moja kwa moja, na kwa kawaida zisipoguswa hazihitaji karatasi nyingine. Kwenu ni tofauti kwa sababu ya marekebisho. Wakiomba ritani, hakikisheni nakala ile ina sahihi. Yangu ilirudishwa baada ya siku kumi kwa kukosa sahihi tu, na hakuna aliyenipigia simu.

Kutoka: mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Louisville

Shikamoo mama, na shikamoo mzee wa Columbus.

Naongeza machache niliyojifunza kwa tabu. Dada asome barua pepe aliyopewa na chuo kila siku, kwa sababu huko ndiko maombi ya nyaraka yanakotumwa, na ajue kwamba siku ya mwisho ya chuo huwa mapema kuliko ya serikali kuu. Akiambiwa athibitishe utambulisho wake, aende mwenyewe na kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho muda wake haujaisha. Asiyeweza kufika aulize ofisi ya chuo afanyeje.

Jambo la mwisho ni majina na tarehe. Wengi wetu tuliotoka kambini tuliandikiwa tarehe 1 Januari, na majina yetu yalipinduliwa la mwisho likawa la kwanza. FAFSA hulinganishwa na kumbukumbu za Soshali (Social Security, hifadhi ya jamii), kwa hiyo dada aandike jina vilevile kama kadi yake ya Soshali inavyosoma, na tarehe ileile iliyo kwenye kumbukumbu hizo, hata kama nyumbani mnajua siku yake halisi. Mimi niliandika tarehe aliyoniambia mama yangu, ambayo ndiyo ya kweli, na fomu ikakataliwa.

Kutoka: mama wa mwanafunzi, Dayton

Ndugu zangu,

Nafasi ya sahihi ya mtu aliyetujazia ni tupu kwenye ritani zote mbili.

Mume wangu alinisikiliza nilipomsomea barua, akanyamaza kitambo, halafu akaenda kuvaa koti. Tulifika ofisi ya chuo sote watatu. Yule mama wa dirishani hakutuuliza lolote kuhusu udanganyifu. Alitupa karatasi ya kuandika majina ya wanafamilia na umri wao, nami nikaandika saba. Nilipofika mstari wa nane mume wangu aliutazama, akauacha wazi, akatia sahihi yake chini. Kwa VITA tumepangiwa Jumamosi saa nne asubuhi, na tumeambiwa tuje na ritani zote mbili, W-2 zetu (karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa), kadi za Soshali za familia nzima na vitambulisho vya sisi wazazi.