Mama mkwe anakuja, na nyumbani tuna mbwa wa huduma: tuishi vipi?

Umm Salim, Columbus, Ohio

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mume wangu alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mtu mzima, na sasa anaishi na mbwa jike aliyechukuliwa katika makao ya mbwa waliotelekezwa, akafunzwa kumsikilizia. Kengele ya mlango inapolia, au mtoto anapoamka, mbwa humgusa goti kwa pua na kumwongoza hadi sauti inakotoka. Lakini king'ora cha moshi kikilia, amefundishwa kumgusa kisha kulala chini papo hapo, asije akampeleka kwenye moto wenyewe. Hulala chumbani mwetu, kwa kuwa usiku mume wangu huvua vifaa vyake vya kusikia, nami mara nyingi huwa kazini.

Mama mkwe anakuja kutoka Mombasa kukaa nasi, na ameshasema kwamba atamkuta mbwa nje au hatashusha mizigo. Simlaumu, maana nami nililelewa hivyo hivyo. Naomba ushauri wa namna ya kuipanga nyumba ili swala yake isiingie shaka na kazi ya mbwa isivunjike. Je, msikitini inawezekana kwenda naye?

Maalim wa Kisauni

Waaleikum salaam, Umm Salim. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mbwa ni najisi, na kilichopatwa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo, watu wengi husahau sehemu ya pili ya hukumu hiyo, kwamba kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Kwa hiyo mbwa mkavu akipita karibu na mama mkwe na manyoya yakagusa buibui lake kavu, hapana la kuosha. Wamaliki wao humhesabu mbwa kuwa tohara, ingawa sikushauri uanze mazungumzo na mama mkwe kwa madhehebu ya watu wengine.

Kumfuga kwa haja kuna asili: hadithi zimemtoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na haja ya mtu asiyesikia si ndogo kuliko ya mchungaji. Atakuuliza pia kuhusu hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa. Mwanachuoni Al-Khattabi alisema hadithi hiyo haimhusu mbwa aliyeruhusiwa, ilhali Imamu Nawawi, ambaye ni Shafi, aliona inawahusu mbwa wote. Mwelezeni kauli zote mbili, kwani akigundua mmemficha moja hatawaamini tena.

Mkongojo, Minneapolis

Dada, mimi sioni na nina mbwa elekezi, kwa hiyo nitasema ya ndani ya nyumba. Hatari kubwa si chuki ya wageni bali ni ukarimu wao. Kwangu mjomba alianza kumrushia mbwa vipande vya nyama chini ya meza, na mbwa akawa anaangalia mikono ya watu badala ya njia. Mama akishamzoea, mwombe asimlishe wala asimwite kwa jina, kwa sababu wa kwenu anafanya kazi saa zote, hata anapoonekana amelala.

Jambo la pili linatokana na asili yake. Mbwa wa makao hawana upungufu wa akili. Shirika la Dogs for the Deaf la Oregon lilianza kuwafunza tangu mwaka 1977. Lakini historia yao mara nyingi haijulikani, na baadhi hushtuka sana mtu anapoinua mkono. Sisi wa pwani tunamfukuza mbwa kwa kuinua fimbo au ufagio bila hata kufikiri. Mwonyesheni mama namna mnavyomwamuru kwa ishara aende kwenye godoro lake, na mama aitumie ishara hiyo hiyo.

Mzee wa Houston

Kuhusu sheria: chini ya sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, dukani au hotelini mtaulizwa mawili tu, iwapo mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu na amefunzwa kazi gani. Cheti si lazima, na wanaouza vyeti mtandaoni wanawala watu fedha zao. Msikiti ni tofauti, kwa kuwa sheria hiyo haizibani taasisi za dini. Lazima mzungumze na kamati. Mwaka 2008 mjini Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimkubali kijana asiyeona pamoja na mbwa wake, na mbwa akatengewa mahali pa kupumzika. Pendekezeni mpango kama huo.

Umm Salim, Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Chumba cha chini, chenye bafu lake, kitakuwa cha mama, na mbwa hatavuka kizingiti chake. Linalonitatiza ni theluji: mbwa huingia na miguu iliyolowa, na sebuleni kuna zulia.

Maalim wa Kisauni

Hapo ndipo penye kazi. Mvisheni viatu vya mbwa anapotoka, mfuteni mlangoni kwa taulo lisilotumika kwa jambo jingine, na zulia la njia yake liondolewe kabisa, kwani sakafu tupu huosheka.