Msaada: vipande vya mpingo vimekwama forodhani (mwanafunzi, Halle, Ujerumani)

Mwana wa Newala (Halle)
Shikamooni wakubwa. Forodha ya hapa mjini imezuia kifurushi kutoka Masasi: vipande sita vya mpingo, kilo 8 na ushee, vya kazi ya muhula wa uchongaji. Kwenye CN23, fomu ya forodha ya posta, imeandikwa "zawadi, mbao". Wanadai hati ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) ya Tanzania na kibali cha kuingiza, nijibu ndani ya wiki mbili. TP ya TFS (pasi ya kusafirishia ya Wakala wa Misitu Tanzania) ipo. Je, inatosha? Kama haitoshi, hati ya CITES inaombeka mzigo ukiwa umeshafika?

Mjomba wa Mikindani (Hamburg)
Marahaba. TP haitoshi. Hiyo ni ya kusafirishia mazao ya misitu ndani ya nchi. Ukivuka mpaka haina kazi. Jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, inabanwa na CITES, na mpingo umo Kiambatisho cha II tangu 2 Januari 2017. Hati ya kutoa inapatikana Tanzania kwanza, kisha unaomba BfN, idara ya Ujerumani ya kulinda mazingira ya asili, kibali cha kuingiza, na vyote viwe mkononi kabla mzigo haujaondoka. Ila chini ya kilo 10 kwa matumizi binafsi umesamehewa. Waandikie hivyo.

Da Shangani (Rotterdam)
Mjomba, kwa heshima zote, hapo mwisho unampoteza mtoto. "Matumizi binafsi" ni utaratibu wa 2017, ulibadilishwa mwishoni mwa 2019. Msamaha wa sasa ni wa bidhaa iliyokamilika, mbao isizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, iwe ya kuuza au la. Ala za muziki zilizokamilika nazo zimesamehewa. Kipande kinachosubiri patasi hakijakamilika hata kikiwa gramu 200.

Safari nyingine itumwe sanamu iliyokwisha pigwa msasa na nta. Kwenye CN23 liandikwe jina lenyewe, Dalbergia melanoxylon, uzito wa mbao, na namba ya ushuru 4420 ya sanamu. 4407 ni mbao zilizopasuliwa. "Zawadi" haimwambii afisa kitu. Kama ni kreti la mbao, liwe na muhuri wa ISPM 15, yaani limepashwa joto la nyuzi 56 mpaka ndani kwa dakika 30.

Mjomba wa Mikindani
Nimeelewa, dada, huna haja ya kupaza sauti.

Fundi wa Chikongola (Mtwara)
Mwanangu, hata ukivitoa leo, usiviweke chumbani. Mbao iliyokaa kivulini huku pwani, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 80, hutulia na maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Chumba chenye hita wakati wa baridi kina unyevu wa asilimia 30, na mbao hiyohiyo inavutwa mpaka asilimia 6. Ncha hukauka kwanza, zinajikunja, katikati bado pamejaa, basi panapasuka. Utasikia usiku inalia "ta!".

Yeyusha nta ya mshumaa, chovya kila ncha, ipande ubavuni sentimita 3. Funga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vumbi la randa la mpingo huohuo, weka chumba kisicho na hita, fungua mdomo wa mfuko kidogo kidogo kwa miezi. Tazama pia moyo wa mti. Kipande kilichobeba moyo katikati kitapasuka hata ukikipaka nini, kwa sababu mti husinyaa kuuzunguka mduara karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni. Kipasue katikati ya moyo, uchonge nusu nusu. Weupe wa nje uondoe, au uuache kwa makusudi, lakini uamue kabla ya kuanza.

Da Shangani
Na patasi za chuo zimenolewa kwa miti laini, pembe ya nyuzi 20 hadi 25. Ukizipiga kwenye mpingo makali yanamenyeka vipande. Zinoe upya nyuzi 30 hadi 35, piga kidogo kidogo, kazi ifungwe kwenye jiliwa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kuziba kifua: vaa barakoa ya FFP3, ya kuchuja vumbi laini, si kitambaa.

Mjomba wa Mikindani
Linaniuma jambo moja. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ilichimbwa Lindi 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba mpaka bandarini, na mjusi yule amesimama Berlin mpaka leo. Mtoto wa Newala anabanwa kwa kilo 8.

Da Shangani
Mjomba, CITES ni ya 1973 na inalinda wanyama na mimea inayokwisha, visukuku havimo. Dai la Tendaguru ni la haki, lidaiwe kwa njia yake, kama kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar, 1984, kikarudi kutoka Geneva 2010. Mpingo ukiachwa bila hati watakaoumia ni vijiji vya Kilwa, ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, na vinauza mti kutoka misitu yao wenyewe.

Mjomba wa Mikindani
Kilwa ni sawa. Huko nyumbani korosho mpya zimeshaanza kukaangwa? Hapa mvua tu.

Fundi wa Chikongola
Zimeanza, mjomba. Mwanangu, kwa muhula huu chonga lipiko, kinyago cha ngoma ya Kimakonde. Lipiko tangu zamani halichongwi kwa mpingo, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji hulivaa kichwani. Huko mna mti wa linde, laini, haudai hati, na patasi za chuo zinaufaa kama zilivyo. Chonga sura ya nje kwanza, macho na mdomo uvitoboe, ndipo uchimbe ndani kwa patasi ya mviringo, ukipapasa unene kwa vidole viwili, kimoja ndani kimoja nje. Nembo za usoni usizichonge: zibandike kwa nta ya nyuki ikiwa bado ya vuguvugu, na nywele zichomeke kwenye nta hiyohiyo kabla haijaganda.