Naomba ushauri: mchuzi wa nazi kwa mzee aliyekatazwa chumvi

Assalaam alaykum wapendwa. Baba yangu ni mpenzi wa muziki wa roki tangu ujana wake, na anajivunia sana kwamba Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapa hapa Unguja, mwaka 1946. Nikipika, yeye hukaa mlangoni mwa jiko na spika yake, magitaa yanaunguruma huku mimi nakuna nazi.

Sasa ana presha, daktari kamwambia apunguze chumvi. Mchuzi wa samaki nautia kitunguu thomu, tangawizi na pilipili mbichi, lakini anaonja tu, anasukuma sahani na muziki anazima. Hilo ndilo linaloniumiza. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, ndiyo kabisa, simpi.

Mliowahi kumpikia mzee wa presha, mnaukoleza vipi? Ukwaju niutie lini ili tui lisikatike?