Ushauri: nipande lini mahindi ya masika Kahe?

Mrithi wa Shamba: Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaishi Moshi mjini na mwaka huu nimekabidhiwa shamba la familia huko Kahe, eneo lisilofikiwa na mfereji, ambalo nakusudia kulipanda mahindi na maharage kwa kutegemea mvua za masika peke yake. Trekta limeshalima na kupiga haro. Mvua imenyesha mara mbili tangu Machi ianze, na mjomba wangu wa Marangu ananihimiza nipande sasa mbegu aliyonichagulia, ya kukomaa kwa miezi mitano, ilhali majirani wa shamba wanasema hizi si mvua za kupandia. Nimsikilize nani?

Jembe Mkononi: Panda, ndugu. Mvua za mwanzo ndizo zenye rutuba, na anayechelewa hula hasara.

Bwana Shamba Mstaafu: Ndugu mleta uzi, mjomba wako hajakosea, ila anazungumzia hali ya hewa ya kwake. Marangu iko kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua ni nyingi na baridi huchelewesha mazao kukomaa. Kahe iko takriban mita 700 tu kutoka usawa wa bahari, jua ni kali na masika mara nyingi hukatika mwezi Mei.

Kwa sababu hiyo, anza kuhesabu kutoka mwisho wa mvua ukirudi nyuma. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, na mbegu ya siku 90 hufika hatua hiyo baada ya siku 50 hadi 55 hivi. Ukipanda tarehe 20 Machi, yatachanua karibu na tarehe 10 Mei, mvua zikiwa bado zipo. Ukipanda baada ya katikati ya Aprili, yatachanua Juni, ardhi ikiwa imeshakauka. Hiyo mbegu ya miezi mitano mrudishie mjomba, itamfaa yeye.

Ama kuhusu siku yenyewe ya kupanda, chimba katikati ya shamba, mbali na miti, uchukue udongo wa kina cha sentimita 20 na kuufinya kiganjani. Ukishikamana, panda, ukimomonyoka, subiri, maana mbegu iliyofukiwa sentimita 5 itaamshwa na unyevu wa juu kisha ife kwa kiu kabla mvua haijarudi. Soma pia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hueleza mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha lini katika kanda yetu.

Mama Mbegu: Ninaunga mkono, kwa tahadhari moja. Kama udongo wako ni ule mweusi mzito, mvua ikikolea hutaweza kuingia shambani kwa siku kadhaa, hivyo kamba, mbolea ya kupandia na vibarua viwe tayari mapema.

Mrithi wa Shamba: Nashukuruni sana. Nimechimba leo asubuhi: juu pamelowa, lakini chini ya urefu wa kidole udongo ni mkavu kabisa, kwa hiyo nitasubiri na nitabadilisha mbegu. Je, maharage nayo yasubiri?

Bwana Shamba Mstaafu: Ndiyo, yapande mahindi yakishachipua vizuri, ili mahindi yasifunikwe na maharage, na pia maganda ya maharage yakauke mvua zikiwa zimepungua, kwani maharage yakikomaa kwenye mvua huozea shambani. Na kama Aprili itafika katikati bila udongo kulowa kwa kina hicho, achana na mahindi msimu huu, upande choroko, ambazo hukomaa kwa siku 60 hadi 75 na huvumilia ukame kuliko maharage.