Harusi ya Kyela na Karonga: mgogoro wa ziwa unagusa cheti cha ndoa?

Mwanabonde: Wakuu, naomba msaada. Bibi harusi ni wa Matema, Kyela. Bwana harusi ni Mmalawi wa Karonga. Ndoa ni kanisani, Matema. Wazee wa upande wa mume wanataka msafara uje kwa boti hadi ufukweni, kwa hoja kwamba Ziwa Nyasa lote ni la Malawi, hivyo majini hakuna mpaka wa kuvuka. Je, cheti kinaweza kupingwa baadaye? Na ng'ombe wa mahari wanavukaje?

Karani Mstaafu: Ziwa wekeni kando. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliopitisha mpaka ufukweni, upande wa Tanzania. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Kwa hoja yoyote kati ya hizo, kanisa la Matema liko Tanzania, na ndoa itafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ingekuwa bondeni mwa Songwe, mto wa mpakani, ningesita zaidi, maana mto ule huhama mkondo baada ya mafuriko na shamba la mtu likajikuta ng'ambo.

Kinachokwamisha harusi za mpakani ni taarifa ya kusudio la kuoana. Imfikie mfungishaji wa ndoa si chini ya siku 21 kabla ya ndoa, ikiwa na majina, umri, makazi, majina ya wazazi, na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa. Mtalaka aandae hati ya talaka, mjane cheti cha kifo. Bwana harusi aanze mapema kufuatilia kwao uthibitisho kwamba hana ndoa nyingine, maana karatasi hiyo ndiyo huchelewa. Kagueni pia herufi za majina: pasi ikisema "Annah" na cheti cha kuzaliwa "Anna", nendeni kwa wakili mkaape kiapo cha jina kabla taarifa haijabandikwa. Kosa likishaingia kwenye cheti cha ndoa, litawasumbua hadi kwenye kibali cha ukaazi cha mwenza.

Wakala wa Forodha: Ng'ombe msiwavushe. Mnyama hai anadai vibali vya mifugo pande zote mbili, na ugonjwa wa miguu na midomo ukitangazwa njia inafungwa siku hiyohiyo. Kubalianeni idadi, mshenga avuke na fedha, ng'ombe wanunuliwe mnadani huku kwa stakabadhi. Chakula vilevile: mwaka 2025 nchi hizi mbili zilizuiliana mazao, kwa hiyo mchele na unga nunueni upande wa sherehe. Magari ya msafara yawe na bima ya kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka. La kuazima liwe na barua ya mwenye gari, la sivyo mtakesha getini.

Nahodha: Boti isiwe njia ya kuingilia nchini. Wote wapite vituo vya mpakani, Songwe upande wa Malawi na Kasumulu upande wa Tanzania, wagongewe muhuri wa kutoka na wa kuingia. Anayeshukia ufukweni bila muhuri ameingia kinyume cha sheria, na akikamatwa bwana harusi, hamna harusi. Wazee wakitaka picha za ziwani, wapandie boti hapohapo Matema baada ya mihuri, asubuhi, kila mtu na jaketi lake la kuokolea. Mei hadi Agosti upepo wa mwera, utokao kusini, husukuma mawimbi kuelekea kona hii ya kaskazini. Mkiyaona yanavunjika meupe, picha pigeni mchangani.